Kugeuza mapema au kujaribu kupenya wingu?

Hewa ikianza kuchafuka, rubani wa kindege kidogo anayeruka kwa kutegemea macho ana mambo mawili tu, ageuze au akomae akiamini mbele kutafunguka. Kugeuza kunauma kweli, mafuta yameenda, abiria wananuna, unalala mji ambao hukupanga, ila umelala mzima. Kukomaa sasa, ukishaingia winguni huoni ardhi wala upeo, sikio la ndani, lile linalokupa usawa wa mwili, linakudanganya, unajihisi uko sawa kumbe ndege imelala ubavu na inashuka inazunguka!! Mwaka 1954 kule Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walijaribu watu 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mita za ndani ya ndege bila kuona nje, wote 20 walishindwa kuimudu ndege, wastani sekunde 178, yaani hata dakika 3 hazitimii jamani. Na si lazima iwe dhoruba, John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais Kennedy wa Marekani, alianguka baharini na ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, usiku wa 16 Julai 1999, kulikuwa na giza na utusitusi tu, wakafa watu 3. Mi nasema geuza, tena wakati nyuma bado kunaonekana, maana wingu linafunga na huko pia.