Browning Hi-Power kwa mtu wa Tanga: mkono unaipenda, triga inakera

Wengi wanaoitafuta Browning Hi-Power kwa miaka waliwahi kuishika mara moja tu, tena ya mtu mwingine, na hiyo ikawatosha. Mpini wake ni mwembamba kuliko unavyotegemea kwa bastola inayobeba risasi 13, umepinda pale kiganja kinapotaka upinde, na ukinyoosha mkono mtutu unaelekea kule unakotazama bila kurekebisha kifundo. Kwa kukaa mkononi, bastola nyingi za leo hazijaifikia. Ila utamu huo ndio unaowafanya watu wanunue kabla hawajauliza habari za triga.

John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 mjini Liège kabla haijakamilika. Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN akaimalizia, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Waliotaka bastola ya namna hii tangu mwanzo walikuwa Wafaransa: ibebe risasi nyingi, na isifyatuke magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) ikiwa imetolewa. Mwishowe Wafaransa wakachukua bastola nyingine, sharti lao likabaki humo ndani hadi leo. Risasi yake ni 9x19 (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita), urefu wa bastola ni sentimita 20 hivi, mtutu unakaribia sentimita 12, na ikiwa tupu ina uzito wa takriban gramu 900. FN iliacha kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa hiyo utakayoipata karibu kwa hakika imeshapita mikononi mwa mtu.

Triga yake ina kazi moja tu: kuachia nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga pini ya kupigia risasi. Haiikoki, yaani haiivuti nyuma. Unavuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, mara moja, nyundo inabaki nyuma, na kuanzia hapo kila risasi inayotoka ndiyo inayoikoki kwa ajili ya inayofuata. Faida yake ni kwamba mvuto wa risasi ya kwanza na wa ya mwisho ni uleule, na mwanafunzi hana vipimo viwili vya kuzoea. Kwa bastola nyingine za aina hii mvuto huo huwa mfupi na mkavu. Kwa Hi-Power ya kawaida, hasa toleo la baadaye la Mk III, ni mzito, kilo 3 hadi 4, na una mkwaruzo katikati ya safari. Mkwaruzo huo unatokana na lile sharti la Wafaransa. Nyuma ya triga kuna pini yenye springi inayosukuma uso wa magazini. Magazini ikitoka, pini inasogea na triga inapoteza mawasiliano na nyundo. Kwa hiyo kila unapovuta triga, pini inaburuzwa juu ya bati la magazini. Kulisugua bati hilo mahali pini inapopita, kwa msasa laini sana kisha dawa ya kung'arisha chuma, kunapunguza mkwaruzo kwa kiasi cha kuhisika. Mafundi wengine huing'oa pini kabisa na triga ikapona, lakini hapo unabadilisha mfumo wa usalama uliotoka nao kiwandani. Hilo si jambo la kufanyia sebuleni, na akibadilisha fundi, atakayeirithi lazima aambiwe.

Kabla ya yote, kibali hutangulia bastola. Umiliki unaongozwa na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na maombi hupitia polisi. Namba ya kwenye fremu ilinganishwe na ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kulipa chochote.

Dukani, au mbele ya mwenye leseni anayeuza, anza kwa kutoa magazini, kuvuta slaidi na kutazama chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho na kwa ncha ya kidole. Kisha omba bisibisi. Kila upande wa mpini umeshikwa na skrubu moja tu; muuzaji akikataa kuzifungua, achana naye, kwa sababu bastola iliyokaa pwani huanza kuoza chini ya vibao hivyo, mahali jasho linapoingia na mafuta hayafiki. Ukishajiridhisha na chuma, weka magazini tupu, koki nyundo, sukuma mgongo wake mbele kwa dole gumba bila kugusa triga: isianguke. Funga kufuli ya usalama, vuta triga kwa nguvu ya kawaida, achia, fungua kufuli: nyundo ibaki palepale. Ikianguka wakati huo, au hata ikijongea kidogo, meno yanayoishikilia yameliwa. Magazini isiyodondoka yenyewe unapobonyeza kitufe si ubovu. Ni ile pini inayoikandamiza. Magazini za Mk III zina springi ndogo chini yake ya kuzirusha nje, za zamani hazina.

Matoleo ya zamani yana uzuri wa kuvutia macho, rangi ya buluu ya kina na mbao za mpini, na baadhi ya yale ya kabla ya Vita vya Pili yana kilengeo cha nyuma kilichoandikwa umbali hadi meta 500. Aliyeandika namba hiyo alikuwa na imani kubwa na binadamu. Kwa matumizi, tafuta Mk III: vilengeo vinaonekana, kufuli ni kubwa na iko pande zote mbili, ndani kuna kizuizi cha pini ya kupigia kinachoizuia bastola isifyatuke ikianguka, na nyingi zimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili chumvi kuliko ile buluu nzuri. Maandishi ya ubavuni yatasema imetengenezwa Ubelgiji na kuunganishwa Ureno. Hiyo ni halali, si ya kughushi. Za kuangalia kwa makini ni za kiwanda cha FEG cha Hungaria. Ile ya awali ni nakala ya karibu sana na inafanya kazi vizuri, lakini usitegemee kila kipuri cha FN kuingia. P9R ya kiwanda hichohicho inafanana nayo kwa nje tu, triga yake ni ya mfumo mwingine.

Usumbufu mwingine wa kurithi ni nyundo kung'ata. Slaidi ikirudi nyuma, nyundo inashuka na kubana ngozi iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Wenye viganja vinene huondoka uwanjani na damu. Dawa ni kushusha mkono milimita chache, ingawa unapoteza udhibiti kidogo, au kufunga nyundo iliyofupishwa.

Kujifunza kunaanzia bila risasi, na hapa Hi-Power ina mtego wake. Ili triga ifanye kazi lazima magazini iwe ndani. Bastola nyingine unaifanyia mazoezi makavu bila magazini kabisa. Hii inakulazimisha uingize, na siku moja mtu huingiza yenye risasi. Tenga magazini moja, izungushie utepe mwekundu, isijazwe kamwe, na risasi ziwe chumba kingine. Weka risasi bandia kwenye chemba ili pini ya kupigia isipige hewa. Usivute slaidi kila mara, kwani magazini tupu itaifungia nyuma. Koki nyundo kwa dole gumba tu. Mvuto mia moja wa polepole kwa jioni unatosha. Simamisha ganda tupu juu ya kilengeo cha mbele. Likianguka kabla nyundo haijaanguka, mkono wako umetikisika. Kwa triga nzito hivi, kidole kiingie kidogo zaidi ya ncha, karibu na kiungo cha kwanza, na vidole vitatu vya chini visikaze pamoja nacho.

Uwanja ni ule ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na msimamizi. Shamba la mkonge si uwanja, hata lionekane tupu kiasi gani: risasi hii inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na ndani ya mkonge kuna wakataji usiowaona.

Boksi moja la risasi 50 linatosha kwa siku. Anza meta 5, risasi tano tano kwenye magazini, na usisogee hadi meta 7 mpaka tano zote zikae ndani ya duara la sahani ya chai. Meta 25 ni ya baadaye sana. Anayetumia mkono wa kulia akiona matundu yanajikusanya chini kushoto, asiguse vilengeo. Anaisukuma bastola kwa kuogopa mlio. Mwambie mwenzake amchanganyie risasi bandia moja au mbili kati ya za kweli bila yeye kujua zilipo. Nyundo ikiangukia ile bandia, mtutu unaoinama unaonekana na kila aliyesimama pale. Slaidi isipobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, kabla ya kulaumu springi tazama dole gumba lako limelala wapi. Mara nyingi limekandamiza kitasa cha slaidi, kile kinachoifungia nyuma.

Kuondoa risasi mwishoni kuna hatua ya ziada. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, achia slaidi. Nyundo sasa imekokiwa, na triga haifanyi kazi. Ili kuishusha, ingiza magazini ya utepe mwekundu, elekeza kwenye tuta, vuta triga, toa magazini tena. Wasimamizi wengi hawapendi kuona magazini ikirudi kwenye bastola iliyokwisha kukaguliwa, na wana haki. Mweleze kabla hujaanza.

Kuifungua kwa usafi kunachukua dakika moja. Ikiwa tupu, vuta slaidi nyuma hadi kufuli ya usalama iingie kwenye pengo la mbele, sukuma ncha ya kitasa cha slaidi kutoka kulia, kivute kitoke kushoto. Shika slaidi, shusha kufuli, telezesha slaidi mbele itoke. Springi na kijiti chake vinatoka kwanza, mtutu unafuata. Wakati wa kurudisha, tundu la kichwa cha kijiti lilingane na tundu la chini ya mtutu. Likiwa limegeuka, kitasa hakiingii, na anayekigonga kwa nyundo ya fundi huacha mkwaruzo wa kudumu ubavuni.

Kwa Raskazoni au popote upepo wa bahari unapofika, usafi ni jioni ileile. Jasho la kiganja likilala kwenye chuma usiku mmoja wakati wa masika, asubuhi kuna doa la rangi ya chungwa. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa kwa kupangusa nje, lakini hukauka upesi, basi rudia kila wiki. Kwenye reli za slaidi weka kitu kizito kidogo, tone moja kila upande, kwani mafuta mengi hukamata mchanga. Kila mwezi fungua vibao vya mpini. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi wala kwenye boksi lenye sponji, vyote viwili hunywa unyevu na kuubandika kwenye chuma. Ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu vinavyobadilishwa au kupashwa moto tena vikishiba. Ukitumia risasi za zamani za kijeshi ambazo fataki zake huacha chumvi, mafuta hayatoshi: suuza mtutu kwa maji ya moto, kausha, ndipo upake.

Asiyeipata ya FN ana njia nyingine. SA-35 ya Springfield ya Marekani, ya mwaka 2021, imeondoa ile pini ya magazini na kurekebisha nyundo isiyong'ata, kwa hiyo ina triga ambayo Hi-Power ilistahili tangu mwanzo. MCP35 ya Girsan kutoka Uturuki inafuata umbo la Mk III. FN High Power mpya ya mwaka 2022 ina jina tu la zamani: inabeba risasi 17, na magazini za zamani haziingii.

Magazini ndiyo chanzo cha kwanza cha kukwama, hasa zile zisizojulikana zilikotoka, ambazo midomo yake ya juu hupanuka na kuinua risasi kwa pembe mbaya. Nunua tatu za FN au za Mec-Gar, kiwanda cha magazini cha Italia, na uziandike namba, ili ukwamaji ukitokea ujue ni ipi. Springi ya slaidi ibadilishwe kila baada ya risasi 3,000 hivi; agiza mbili siku ileile unayoagiza magazini.