Kadi ya AM26LS32 ya kuunganishia enkoda: nunua, ila ongeza rezista

Fundi wa Ndeeba au Katwe, Kampala, anayefunga mashine ya kuchonga mbao akikuta enkoda (kifaa kinachopima mzunguko wa mota) ina nyaya nane (A, A-, B, B-, Z, Z-, volti 5 na ardhi; alama ya - ni wimbi lilelile lililogeuzwa, na Z hutoa alama moja kila mzunguko), huku amplifaya ya servo, yaani kiendesha mota, ikipokea A na B tu, kadi hii ya kupokea mawimbi ya jozi ndiyo kiungo chake. Tafadhali usifunge A- na B- kwenye ardhi. Hizo ni nyaya za kutolea mawimbi. Ukizifunga hivyo unaipiga shoti enkoda yenyewe.

Kadi hupima tofauti kati ya A na A-, kwa hiyo kelele za invata ya spindo (kiendesha mota inayozungusha kisu) zinazoingia sawasawa kwenye nyaya zilizosokotwa pamoja hufutana. Hapo inalipa bei yake yote.

Kabla ya kulipa, soma maandishi juu ya chipu. AM26LS32 hula takriban miliampea 52. AM26C32, yenye miguu 16 ileile, hula kama 10 tu. Volti 5 za amplifaya mara nyingi hazina akiba, basi chukua ya C hata ikizidi bei.

Kasoro kubwa: kadi nyingi huja bila rezista za mwisho wa waya. Lehemu om 120 kati ya A na A-, na nyingine kati ya B na B-, upande wa kadi. Bila hizo, kwenye waya mrefu wimbi hugonga mwisho na kurudi, amplifaya ikahesabu hatua zisizokuwepo. Kila rezista huvuta takriban miliampea 25 kutoka kwa enkoda.

Waya wa mtandao wa Cat5 una jozi nne, zinatosha kabisa, lakini chagua wenye nyuzi nyingi. Wa uzi mmoja hukatika ukikunjwa kila siku. Kwa mita 10, jozi ya umeme ina kama om 1.7 kwenda na kurudi, na miliampea 175 hupoteza volti 0.3. Pima penye enkoda: nyingi zinadai angalau 4.75.

Mara ya kwanza kuwasha, toa mkanda kwenye mota. Mota ikikimbia ovyo, badilishanisha nafasi za A na A- pekee, usiguse B.

Kadi haina taa ya kuonyesha waya uliokatika, na waya ukikatika kazini mota inaweza kukimbia vilevile. Swichi ya dharura iwe karibu na mkono.