TAHADHARI DODOMA: kuna jamaa anauza GPU (kadi za grafiksi za kompyuta) za 1050 Ti feki, mimi nishapigwa

Wakuu habari za jioni, wenye watoto mnaotafuta kompyuta ya gemu ya bei ya kawaida hapa Dodoma someni hii kabla hamjatoa hela, yangu imeshaenda.

Kijana wangu nilimuahidi akifaulu la saba namtengenezea mashine yake. Mama yake akasema isiwe PlayStation, iwe kitu atakachosomea pia, na kwa sababu sebule yetu ni ndogo nikataka kidude kinachokaa pembeni ya tivii bila kujaza meza. Nikaagiza Kariakoo Dell OptiPlex kile kimnara kidogo kilichotumika maofisini, i5 kizazi cha 6, ram 8, SSD 256, laki tatu na themanini, kikaja kwa basi kikiwa kizima kabisa, huko sina malalamiko. Ikabaki kadi ya grafiksi. Nilichagua GTX 1050 Ti ya NVIDIA sababu inakula kama wati 75 tu na nyingi zinachukua umeme kwenye ubao wenyewe bila waya wa pembeni, na pawa saplai ya hii Dell ni wati 240, ukiweka dubwana la kisasa unaitafutia matatizo.

Ndo nikakutana na huyu jamaa Instagramu. Tangazo linasema 1050 Ti ya 4GB, used ya Dubai, 230,000, tukashushana mpaka 210. Najua kuna mtu ataniambia ulipenda cha bure, hapana ndugu yangu, kwingine nilikoulizia walinitajia 240 na 250, kwa hiyo hata kengele haikulia kichwani. Akasema duka lake liko Area C ila kuna ukarabati, ataniletea mwenyewe nyumbani. Akaja Ilazo na boda, mpole, anaamkia mpaka bibi, akafungua mashine akachomeka kadi halafu akatoa kiwaya kwenye begi cha kuivutia umeme wa ziada kutoka kwenye waya wa hadidiski. Nikamuuliza kaka si hii haihitaji waya? Akanijibu "hii ni OC brother, imeongezwa kasi, ina nguvu zaidi ya zile za kawaida". Nikanyamaza, mi ni mhasibu bwana sio fundi.

Draiva, ile programu ya kuifanya Windows iitumie kadi, akaweka kutoka kwenye flashi yake, akasisitiza nisije nikapakua ile ya mtandaoni eti itasumbua. Akafungua Device Manager, jina hilo hapo, NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Dogo anarukaruka, mimi natuma hela kwenye namba yenye jina la mwanamke, "ya waifu hiyo". Risiti ya kuandika kwa mkono, muhuri upo, TIN hakuna.

Siku tatu tu. Dogo akiwasha GTA V dakika kumi kioo kinajaa mabaka ya rangi kisha giza. Nampigia jamaa, ananiambia pawa saplai yako ndogo badilisha, na nilibaki kidogo nitoe elfu themanini nyingine! Bahati nikapitia kwa fundi mmoja Majengo, hakugusa hata pawa saplai, aliiangalia kadi kwa nyuma akacheka. Akasema mzee hii ina tundu la VGA, lile la bluu la waya wa kioo wa zamani, na 1050 Ti haina mfumo wa kutoa VGA. Akaweka programu ya GPU-Z inayosoma undani wa kadi, mbele ya jina pameandikwa [FAKE], na shader (vile vijichakataji vya ndani) 192 wakati ya kweli ina 768. Alipotoa feni chipu imeandikwa GF106 badala ya GP107. Yaani ni GTS 450, kadi ya mwaka 2010, wakati 1050 Ti imetoka Oktoba 2016. Wanachofanya wanabadilisha bayosi ya kadi, ile programu iliyo ndani yake, na Windows inaamini kitambulisho cha humo na jina lililo kwenye draiva, kwa hiyo hata ukiandika Ferrari itakusomea Ferrari. Memori nayo ni 1GB imedanganya 4, gemu ikivuka pale inaanguka, ndo yale mabaka. Na ile hadithi ya usipakue draiva nikaielewa hapo, kadi za ukoo huo NVIDIA walishaacha kuzitolea draiva za kawaida tangu 2018, ya kisasa ingemuumbua palepale.

Nilipompigia nikamwambia nimeijua akakata, nimeblokiwa. Jina la ukurasa silitaji kwa sababu ameshalibadilisha mara mbili na atabadilisha tena, ila picha zake hazibadiliki, kadi zimelazwa juu ya kitambaa cha meza cha kijani chenye maua meupe, na wiki iliyopita nimeona kitambaa hichohicho kwa jina jipya, 250,000. Duka huwa halifikiki, mara ukarabati mara stoo, na akija huwa ana haraka anawahi treni.

Ukitaka kununua kwa mtu yeyote nenda na GPU-Z kwenye flashi yako mwenyewe, ni ya bure na ndogo, angalia tundu za nyuma, halafu gemu zito liende dakika ishirini wewe umekaa palepale, akisema anawahi mwache awahi. Risiti ya EFD ingenisaidia sana, nimejua hilo kaunta ya polisi nikiwa nimeshika karatasi yangu ya muhuri. RB ya polisi ninayo, na namba iliyopokea hela nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na meseji zake. Kama na wewe umepigwa na mtu wa kitambaa cha kijani njoo PM tuunganishe nguvu, peke yangu na laki mbili na kumi naonekana nasumbua watu.

Kadi ninayo hapa mezani mwenye kutaka kuiona aje. Dogo kwa sasa anacheza Minecraft kwa grafiksi ya ndani ya hiyohiyo i5, jana kaniambia baba bora hii, haizimiki.