Veeam ya bure kwenye mashine ya dukani

Naongelea Veeam Agent for Microsoft Windows, programu ya kufanya bakapu, yaani kutunza nakala ya vilivyomo kwenye kompyuta, ile ya bure, sio ya makampuni. Sisi tunaitumia hapa steshenari kwenye kompyuta yenye hesabu za duka na kazi za wateja, na kwa mtu mwenye mashine moja na eksitenali moja (disk ya nje ya kuchomeka) sijaona ya kuizidi.

Utamu wake ni kwamba haikopi folda tu, inabeba mashine nzima, Windows yenyewe, programu, draiva za printa, kila kitu, kwa hiyo hadi disk ikifa unafunga mpya, unawasha kwa flashi ya kurudishia, unachomeka eksitenali na kompyuta inarudi ilivyokuwa siku ya bakapu ya mwisho, hakuna cha fundi kupiga Windows upya wala nini. Ila flashi hiyo uitengeneze mapema kabisa, siku unayoinstoo, maana mashine ikishakufa utaitengenezea wapi?

Halafu kuna kasehemu ka kutiki wengi wanakapita: bakapu ikiisha inaitoa eksitenali yenyewe kwenye mfumo. Katiki! Virusi vya kufunga mafaili na kudai hela, kama WannaCry ya 2017, vikikuta disk imechomekwa vinaifunga na yenyewe, sasa hapo bakapu ya nini.

Mabaya yapo. Kudownload lazima ujisajili, wanataka imeli na maelezo kibao. Ya bure inakupa ratiba moja tu ya bakapu, na bakapu ya kwanza inachukua muda hasa, iachie usiku kama umeme wa kwenu unaaminika (baada ya hapo inachukua yaliyobadilika tu, chap). Na ukiweka paswedi ukaisahau, imeisha hiyo, hakuna wa kumpigia.

Najua mtaniambia Google Drive. Bure ni GB 15, na imeli na picha zinakula humohumo, na bando la kupandisha mashine nzima nani ananunua jamani? Tena faili ulilofuta kwenye laptopu na kule linaenda kwenye pipa, siku 30 na kwaheri. Mimi naweka huko mafaili ya hesabu tu, basi, kwa sababu mwizi akiingia dukani hachagui, anabeba kompyuta na eksitenali pamoja. Ndio maana eksitenali yetu jioni inaondoka na mfunga duka.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ule usajili wao.