Fahari I-REIT: kodi ya pango ilikuja, bei ya kipande ikaporomoka

Fahari I-REIT, mfuko unaokusanya pesa za watu, kununua majengo na kuwagawia kodi ya pango, iliingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kipande, ya kwanza ya aina yake Kenya. Ahadi yake ilikuwa nzuri: mtu wa mshahara wa kawaida apate kodi ya pango bila kununua ploti wala kukimbizana na wapangaji. Februari 2024 ikaondoka sokoni. Anayetaka kuweka pesa kwenye mfuko wowote wa majengo aikague hii kwanza.

Muundo wenyewe ni imara. Kanuni za 2013 zinautaka mfuko wa aina hii ugawe angalau asilimia 80 ya faida, na mikopo isizidi asilimia 35 ya thamani ya mali. Maana yake msimamizi hawezi kuzikalia pesa zako, wala kukopa ovyo hadi majengo yapigwe mnada. Mali hushikwa na mdhamini, ambaye hapa alikuwa Co-operative Bank. Ndiyo maana usimamizi ulipotoka Stanlib kwenda ICEA Lion, majengo hayakutikisika.

Tatizo lilianzia kwenye mauzo ya kwanza. Zilitafutwa shilingi bilioni 12.5, zikapatikana bilioni 3.6. Msimamizi, mdhamini, mthamini na mkaguzi wa hesabu wote wanataka kulipwa, mfuko uwe mkubwa au mdogo, kwa hiyo majengo machache yalibebeshwa gharama nzito. Kubwa kati ya hayo lilikuwa Greenspan Mall, Donholm, Nairobi, na mpangaji wake mkuu alikuwa supamaketi ya Tuskys. Supamaketi ikiyumba ndani ya mall, hasara haiishii kwenye kodi yake. Ndiyo inayovuta wateja. Rafu zikibaki tupu, muuza viatu na mwenye duka la dawa nao huanza kuchelewesha kodi au kuomba wapunguziwe. Tuskys ilipoporomoka, supamaketi ya Naivas ilichukua nafasi, na hilo lilikuwa jambo jema, ila mpangaji mkuu mpya kwa kawaida hudai bei nafuu na muda wa kuandaa duka bila kulipa.

Sasa piga hesabu ya vipande 1,000 vilivyonunuliwa kwa shilingi 20,000. Gawio la 2019 lilikuwa senti 75 kwa kipande, yaani shilingi 750, asilimia 3.75 ya mtaji. Hati za hazina za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi kwa serikali, zililipa zaidi mwaka huohuo, bila kuwaza mpangaji. Kisha 2023 ukapitishwa uamuzi wa kuugeuza mfuko uwe wa wawekezaji wa kitaalamu, na wadogo wakapewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11. Vipande vilevile vikawa shilingi 11,000, na magawio yote ya miaka hiyo hayakufidia 9,000 zilizopotea. Ajabu ni kwamba hata 11 ilikuwa juu ya bei ya sokoni. Wanunuzi walikuwa wachache kila siku, na aliyehitaji pesa haraka alikubali bei yoyote aliyopewa.

Kwa hiyo ripoti ya mfuko isomwe kuanzia kwa wapangaji, si kwenye picha za majengo. Mpangaji mmoja analeta sehemu gani ya kodi yote? Mikataba mingapi inaisha ndani ya miaka 2? Kati ya kila shilingi 100 za kodi, ngapi zinaliwa na gharama kabla ya kukufikia? Halafu angalia vipande vingapi huuzwa kwa wiki. Vikiwa vichache, usiweke karo ya mtoto humo.

Nyumba yako mwenyewe ya kupangisha nayo ina makali yake. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hutoza asilimia 7.5 ya pango lote unalopokea, tangu Januari 2024, kwa mapato ya pango ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, na hairuhusu kutoa hata gharama ya fundi wa mabomba. Lakini ukiwa na vyumba kumi, mpangaji mmoja akihama bado tisa wanalipa, na hiyo ndiyo kinga ambayo Fahari haikuwa nayo pale Donholm.