Tini za keki za Kamukunji: nunua mbili, na uende na sumaku

Anayepanga kumwokea mtu wake keki ya tabaka ya siku ya kuzaliwa huhangaikia krimu na mapambo, kumbe kazi kubwa hufanywa na tini. Tini za alumini zinazogongwa na mafundi wa jua kali pale Kamukunji jijini Nairobi, Barabara ya Landhies, karibu na stendi ya Country Bus, zinafaa kabisa kwa kazi hii. Ni imara kuliko zile nyeusi nyembamba zinazojipinda zikipata moto, na fundi atakukatia kipimo unachotaka. Lakini si kila tini iliyo kwenye rundo inafaa, na asiyejua anachotafuta atarudi nyumbani na chombo cha kuharibia mayai.

Kosa la kwanza ni kununua moja kwa nia ya kuoka mara mbili. Bekingi pauda huanza kufanya kazi mara tu inapolowa. Mchanganyiko unaokaa nusu saa kwenye bakuli ukingoja zamu yake hupoteza hewa, na tabaka ya pili hutoka fupi na nzito. Nunua mbili kutoka kwa fundi mmoja, na uzipime kabla ya kulipa, kwa sababu inchi 8 ya fundi huyu si lazima iwe inchi 8 ya jirani yake. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Pima mdomo, kisha pima kitako. Tini nyingi hutanuka kidogo juu ili zipangike moja ndani ya nyingine. Hilo ni zuri kwa muuzaji, ila ubavu wa keki yako utakuwa na vidaraja utakavyolazimika kuvijaza krimu. Ukijaribu kuzipachika tini mbili zikakataa kuingiana, hizo ndizo zako. Kina cha inchi 2 kinatosha. Inchi 3 ni bora ukitaka kuoka pia keki ya matunda.

Sumaku ni kwa ajili ya kujua madini. Alumini haivutwi. Ikinasa, hiyo ni chuma kilichopakwa kitu, na ukiona maua maua ya kijivu yanayong'aa kama ya mabati ya paa, imepakwa zinki. Iache hapo hapo: zinki huyeyuka ikikutana na kitu kichachu kama maziwa ya mala au ndimu. Kagua pia viungo. Kiungo kizuri kimekunjwa na kugongwa kikalala. Kikiwa kimezibwa kwa lehemu, usinunue hata ukipunguziwa bei. Lehemu ya bati na madini ya risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, yaani karibu joto la kuokea, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Kuhusu unene, mafundi huhesabu kwa geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 20, karibu milimita 0.9, haibonyei ovyo na husambaza joto sawasawa. Geji 24 utaisikia kwa kidole, inalia na kucheza katikati. Kitako kinachocheza kitakupa tabaka yenye tumbo.

Tini mpya huwa na mafuta ya karakana. Ioshe kwa maji moto na sabuni mara mbili, ikaushe, kisha iingize tupu kwenye oveni kwa dakika 20. Usiisugue kwa magadi, huifanya alumini kuwa nyeusi.

Sasa vipimo. Kwa tini mbili za inchi 8: unga wa kawaida gramu 250, majarini 225, sukari 210, mayai 4, maziwa vijiko 5 vya mezani, vanila, na bekingi pauda vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa. Mapishi ya pwani yanaweza kukuambia viwili na nusu au vitatu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari; hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko pwani, mapovu yanavimba upesi na kupasuka kabla unga haujashika, na keki inazama katikati. Ndiyo maana sukari nayo imepunguzwa na maziwa yakaongezwa: maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo unyevu hutoroka haraka. Kama una unga uliotiwa bekingi pauda kiwandani, changanya gramu 190 zake na 60 za unga wa kawaida, bila kuongeza pauda.

Tandika karatasi kitakoni, paka majarini ubavuni, na ugawe mchanganyiko kwa mizani, gramu 480 hivi kila tini. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakoleta tabaka moja nene na nyingine kama chapati. Oka kwa nyuzi 180, rafu ya kati, dakika 25 hadi 30, na usifungue mlango kabla ya dakika 20.

Hapa kuna udhaifu halisi wa tini hizi. Alumini inayong'aa hurudisha miale ya joto, kwa hiyo keki hubaki na rangi hafifu. Ukingoja iwe kahawia utaikausha. Amini kijiti cha mshikaki kikitoka kikavu. Pia ukingo hushika mapema kuliko katikati, na katikati hupanda kama kichuguu. Loweka kitambaa cha pamba chenye upana wa kina cha tini, kikamue, kizungushe nje na ukibane kwa pini. Hakikisha hakining'inii kuelekea moto wa gesi. Tabaka itatoka tambarare, na hutakata makombo mengi kabla ya kupaka krimu.

Acha keki ndani ya tini dakika 10, kisha igeuze. Ukizidisha, mvuke utailowesha ubavuni. Ukimaliza, safisha mkunjo wa ndani kwa kijiti cha meno, maana unga unaobaki pale ndio unaoungua safari ijayo na kuacha mstari mweusi ubavuni mwa keki.