Gereji ya Tabata iliyonirudishia ABS

Jambo la kwanza ambalo gereji hii ya Tabata, Dar es Salaam, ililifanyia gari langu, IST ya mwaka 2004, lilikuwa kuiwasha taa ya onyo ambayo fundi wa gereji nyingine alikuwa ameizima. Huyo aliyeizima hakuwa ametengeneza chochote. Alifungua dashibodi, akabandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa ya ABS, mfumo unaosaidia breki, kisha akanikabidhi ufunguo akisema tatizo limekwisha, nami nikamlipa na kumshukuru.

Nilikuja kuujua ukweli siku ya mvua, nikiteremka Kimara, daladala iliyokuwa mbele yangu iliposimama ghafla kupakia abiria. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, magurudumu ya mbele yakajifunga, na nilipokata usukani kwenda kulia gari likaendelea kuserereka mbele vilevile, kana kwamba usukani haukuunganishwa na kitu. Lilisimama likiwa limebakiza kama mkono mmoja kufika kwenye bampa ya daladala. Tairi lililojifunga huburuzika tu, halikati kona, na hiyo ndiyo kazi hasa ya ABS: kuyazuia magurudumu yasijifunge ili dereva abaki na usukani wake hata akiwa amekanyaga breki hadi mwisho.

Fundi mkuu wa Tabata alinieleza mfumo huo akiwa ameushika mkononi, jambo ambalo sijalizoea katika gereji zetu. Kila gurudumu lina sensa inayosoma mzunguko wake. Kwa magurudumu ya mbele ya gari langu, sensa hiyo hutazama pete ya chuma yenye meno, nayo huhesabu meno yanavyopita. Kompyuta ya ABS hulinganisha magurudumu yote manne, na ikiona moja linapunguza mwendo kwa kasi ambayo gari lenyewe haliwezi kuifikia, hujua kwamba linakaribia kujifunga. Hapo hufunga vali ili presha ya mafuta ya breki isiongezeke kwenye gurudumu hilo. Hali ikiendelea, hufungua vali nyingine kuipunguza, huku pampu ikiyarudisha mafuta nyuma, na gurudumu likishachukua mwendo presha hurudishwa. Mzunguko huo hujirudia mara kadhaa kwa sekunde moja, na ndio unaosikika mguuni kama mtetemo. Madereva wengi wakiusikia hushtuka na kuachia pedali, au hupampu breki kama tulivyofundishwa zamani, ilhali kwenye gari lenye ABS inayofanya kazi unatakiwa kukanyaga na kushikilia.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyoutafuta ubovu. Kompyuta yao ilitoa msimbo wa hitilafu C0205, unaohusu sensa ya gurudumu la mbele kushoto, na nilijua sasa nitaambiwa ninunue sensa mpya. Hawakufanya hivyo. Tulilizungusha gari mtaani kompyuta ikiwa bado imeunganishwa, nikaona kwa macho yangu magurudumu matatu yakisoma 20 na la nne likisoma 0. Tuliporudi wakalipiga jeki na kulifungua, sensa ilikuwa safi na waya wake mzima, lakini pale palipopaswa kuwa na meno palikuwa laini kabisa. Miezi mitatu kabla yake nilibadilishiwa jointi ya shafti upande huo huo. Jointi hizo huuzwa za aina mbili, yenye pete ya ABS na isiyo na pete, na zote huingia bila tabu. Mimi niliwekewa ya bei nafuu. Sensa haikuwa na kosa lolote, ila haikuwa na meno ya kuhesabu, na kompyuta ilipokosa taarifa za gurudumu moja ikauzima mfumo mzima, nikabaki na breki za kawaida peke yake.

Nililipa shilingi 30,000 za kupima, 85,000 za jointi yenye pete na 40,000 za ufundi. Kisha fundi akanipeleka kwenye lami tupu, akaniambia nifike mwendo wa 40 na kukanyaga bila huruma, nami nikausikia ule mtetemo huku gari likinitii nilipokata kona. Alipodai kwamba sasa gari litasimama mapema zaidi kwenye barabara yoyote, sikukubaliana naye. Kwenye kokoto au mchanga mwingi, tairi lililojifunga hukusanya kifusi mbele yake kikasaidia kulizuia, wakati ABS huliacha liendelee kuzunguka juu yake, kwa hiyo umbali wa kusimama unaweza hata kurefuka. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi, kama mimi, ni vizuri alijue hilo kabla ya kumsogelea sana aliye mbele.

Kasoro zao ni mbili: risiti niliiomba mara tatu, na kompyuta ya kupimia ni moja tu, hivyo ukifika baada ya saa tatu asubuhi utashinda kwenye benchi. Utepe mweusi waliubandua wakanipa. Sasa kila nikifungua swichi naitazama ile taa: huwaka kama sekunde tatu, kisha huzimika yenyewe.